Nakala ya Pili

Sheria ya ardhi ya Kongo, ile ya tarehe 20 Julai 1973, inataka hati ya usajili wa kiwanja iandikwe mara mbili. Nakala moja anapewa mwenye kiwanja, aende nayo nyumbani akaifungie kabatini au aikunje ndani ya Biblia. Nyingine haitoki ofisini. Inakuwa ukurasa wa kitabu cha usajili, na kitabu hicho kina namba ya juzuu, na ukurasa nao una namba yake. Kwa hiyo mtu wa Kolwezi anayejisifu kwamba ana hati, kwa kweli ana nusu ya jambo. Nusu ya pili iko rafuni kwa mhifadhi wa hati za ardhi, na siku ya ugomvi zote mbili zitaitwa.

Naanzia hapo kwa sababu siku hizi mtu akitaja usalama wa data za serikali, mazungumzo yanarukia seva, wadukuzi na nywila. Ni mambo ya kweli. Ila ufundi wenyewe ni mkongwe kuliko umeme, na katika mkoa wa Lualaba bado unafanywa kwa kalamu, na watu ambao sijasikia hata siku moja wakiitwa mafundi.

Tuchukue daftari la vizazi katika ofisi ya eta-sivili (usajili wa raia) ya Dilala au ya Manika, komini mbili zinazogawana mji wa Kolwezi. Kabla halijaandikwa neno hata moja, daftari hilo linapita mahakamani. Kila ukurasa unatiwa namba, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, na kila ukurasa unawekwa sahihi fupi ya hakimu. Kazi ya kuchosha, na mtu asiyejua angesema ni urasimu wa Wabelgiji uliosahauliwa kwenye droo. Lakini fikiria inazuia nini. Ukichanwa ukurasa, pengo la namba linajitangaza lenyewe. Ukipachikwa ukurasa, hauna sahihi. Mwizi anabaki na njia moja tu, nayo ni kuchezea maneno yaliyokwisha kuandikwa, na huko ndiko mwandishi wa daftari anakomsubiri.

Mwandishi aliyeiva haachi nafasi. Mstari ukiishia katikati, anaufunga kwa kistari hadi ukingoni, ili asije mtu kesho akaongeza jina la mrithi. Tarehe anaziandika kwa maneno, kwa sababu 3 inageuka 8 kwa sekunde moja, lakini neno “tatu” halikubali kuwa “nane” bila kuacha kovu. Akikosea hafuti. Anapitisha mstari mmoja mwembamba juu ya neno, neno la zamani likiendelea kusomeka, kisha pembeni anaandika lililo sahihi na kuweka sahihi yake. Wino mweupe wa kufutia, ule wa kichupa, ni adui wa ofisi hizi. Hata kama kosa lilikuwa dogo na nia ilikuwa njema, ukurasa uliopakwa rangi nyeupe umekwisha kupoteza heshima yake mahakamani.

Wahandisi wa kompyuta walipotafuta namna ya kutunza kumbukumbu ambazo haziwezi kugeuzwa kimyakimya, walifika palepale: kila badiliko liongezwe chini ya lililotangulia, la zamani libaki linaonekana, na aliyebadilisha ajulikane kwa jina na kwa saa. Nadhani wangefika mapema zaidi kama wangekaa asubuhi moja katika ofisi ya eta-sivili.

Halafu kuna kitabu chenyewe kama kitu cha karatasi. Mvua za Kolwezi zinaanza karibu na Oktoba na kukaa hadi Aprili. Unyevu unapanda ukutani na kuingia mgongoni mwa jalada. Kiangazi kinaleta vumbi jekundu, na malori ya madini yanalirusha hadi ndani ya droo iliyofungwa. Mchwa hawana msimu. Kwa hiyo rafu inasogezwa mbali kidogo na ukuta, ubao wa chini unainuliwa kutoka sakafuni, madaftari yanasimamishwa yasilaliane, wala hayafungwi kwa kamba iliyokazwa, maana kamba inakata kurasa taratibu. Hakuna kulamba kidole wakati wa kufunua. Karani anayelamba kidole anaacha mate na chumvi kwenye pembe ya kila ukurasa, na baada ya miaka 20 pembe hizo zinakatika.

Lakini kutunza ni upande mmoja. Upande mwingine ni kupata, na hapa ndipo ninapowavulia kofia zaidi. Mazungumzo ya dirishani huwa hivi, na kila aliyewahi kungoja kwenye benchi la ofisi hizi atayatambua:

“Jambo, papa. Uko na karatasi gani?”

“Niko na hii ya nyumba, mwana wangu. Ile nyingine ilioza na mvua.”

“Namba ya volime, bado inaonekana?”

“Macho yangu haiko tena ile ya zamani. Angalia we mwenyewe.”

“Haionekani, papa. Uliandikisha mwaka gani?”

“Mwaka ile mama wa watoto alizaa wa tatu.”

Karani hacheki. Anauliza huyo wa tatu alizaliwa kabla au baada ya Mobutu kuondoka. Anauliza kama alipoanza shule mji ulikuwa bado katika mkoa wa Shaba. Anauliza barabara ya nyumba ile iliitwaje wakati huo na jirani alikuwa nani. Kwa maswali matano hivi anafika kwenye juzuu mbili, na kati ya hizo mbili anaanza na ile ambayo ina majirani. Mashine ya kutafutia ingetaka namba, na kwa kukosa namba ingejibu kwamba hakuna kitu.

Maswali hayo si ya mapambo. Mtu mwenye miaka 80 Kolwezi amebadilishiwa anwani bila kuhama. Nchi ilikuwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Katanga iliitwa Shaba kwa muda huohuo, ikarudia jina lake, na mwaka 2015 ikagawanywa mikoa minne, Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Na watu wenyewe walibadilishwa majina: mwaka 1972 Mobutu aliamuru majina ya Kikristo yaachwe, kwa hiyo Joseph wa daftari la 1960 hana Joseph katika hati ya 1975, na leo kitambulisho chake cha mpiga kura kinaweza kuwa na jina lolote kati ya hayo, au yote. Ongeza tahajia. Tshibanda wa daftari la kuzaliwa ni Cibanda katika cheti cha ndoa.

Kwa nini mji wa madini ujali haya kuliko mji mwingine? Kwa sababu Kolwezi umejengwa juu ya kitu kinachoutaka. Kampuni ya Union Minière iliuanzisha mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya mukuba, yaani shaba, uliokuwa chini yake, na tangu siku hiyo mgodi na mtaa vinasukumana. Kasulo ilikuwa mtaa wa watu wa kawaida hadi 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba. Watu wakachimba sebuleni na nyuma ya jiko, na mwaka 2017 sehemu yake ikazungushiwa ukuta na wakazi wakahamishwa. Septemba 2023, Amnesty International pamoja na IBGDH, shirika la hapahapa Kolwezi, walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa makwao kupisha migodi, wakiwemo wa mtaa wa Cité Gécamines. Katika habari za namna hii watu wanaangalia tingatinga. Mimi naangalia meza ya fidia, ambako swali la kwanza ni karatasi. Aliye na hati, na ambaye hati yake inaitikiwa na kitabu cha ofisini, anabishana juu ya bei. Asiye nayo anabishana kwanza kwamba aliishi pale.

Na kuna wazee wa Gécamines wenyewe. Kampuni hiyo ya madini ya serikali iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilishuka hadi kama tani 30,000 muongo uliofuata, baada ya mgodi wa chini wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990 na mengine mengi kuharibika juu yake. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliachishwa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Kwa kila mmoja wao, miaka ya kazi ni namba ya mfanyakazi na kurasa chache kwenye faili. Faili likipotea, miaka 25 ya shimoni inabaki hadithi ya jioni.

Sasa twende kwenye daftari lingine, changa zaidi, ambalo nalistaajabia kwa sababu tofauti. Kanuni ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002 iliunda Cadastre Minier, ambayo kila mtu anaiita CAMI, na kuipa kazi ya kuandika nani ana haki gani juu ya ardhi ipi. Iligawa nchi nzima katika miraba inayofuata longitudo na latitudo, kila mmoja wa hekta 84.955, na mraba haukatwi vipande. Kibali cha utafiti hakivuki kilomita za mraba 400. Hakuna tena “kuanzia mti mkubwa hadi kijito”. Na haki inaenda kwa aliyetangulia: ombi likifika, linaandikwa siku, saa na dakika.

Dakika! Katika nchi ambayo mkutano wa saa tatu asubuhi unaanza saa tano, kuna karani mmoja ambaye kazi yake ni kuandika dakika, na juu ya dakika hiyo yanaweza kusimama mabilioni. Mwandishi wa saa hiyo hana nafasi ya kuwa mkarimu. Akimwandikia rafiki dakika 10 mapema amehamisha mlima. Ndiyo maana kitabu cha kupokelea maombi kinahitaji nidhamu ileile ya daftari la vizazi: mstari unafuata mstari, bila nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mtu aliyepiga simu kusema yuko njiani.

Thamani ya takwimu za serikali katika mkoa huu ilionekana wazi kwenye mgogoro wa mgodi wa Tenke Fungurume. Gécamines ilidai kwamba akiba ya madini katika mgodi huo imetangazwa chini ya kiwango, na kwamba kwa sababu hiyo haikulipwa inavyostahili. Kampuni ya Kichina ya CMOC, inayouendesha mgodi huo, ilikana. Kuanzia Julai 2022 mgodi haukuweza kusafirisha nje kwa miezi, hadi Aprili 2023 walipokubaliana, CMOC ikiahidi kulipa dola milioni 800 kwa miaka sita. Wanasheria walifanya kazi yao, wanasiasa pia. Lakini chini ya yote walikuwa wakigombania namba: kuna nini ardhini, ni nani aliyehesabu, na hesabu hiyo serikali inayo nakala yake au inaisoma kwenye karatasi iliyoletwa na mwenzake?

Niruhusiwe kutoka nje ya mkoa kidogo. Wanaosoma habari za nchi ndogo za visiwani wanajua kisa cha Vanuatu. Mapema Novemba 2022, mifumo ya serikali yake ilivamiwa na kuzimika. Watumishi wakarudia kalamu na karatasi, wengine wakatumia barua pepe zao za binafsi, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki kadhaa. Mwaka huohuo Tuvalu, inayoogopa kufunikwa na bahari, ilitangaza mpango wa kujinakili kidijitali, ili nchi ibaki na kumbukumbu zake hata ikipoteza ardhi. Karibu nasi zaidi, Unguja ilikaa bila umeme wa gridi tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kwa sababu ya hitilafu kwenye njia moja ya umeme kutoka bara.

Kolwezi uko mbali sana na bahari, na bado mtu wa mitambo akiutazama anaona kisiwa. Umeme wake unatoka mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba, na kwenye njia ya Inga, nyaya zilizokamilika 1982 na zinazokatiza nchi kwa karibu kilomita 1,700 kabla ya kufika kwenye kituo cha Kolwezi. Migodi inaumeza sehemu kubwa na kununua mwingine Zambia. Intaneti inashuka Lubumbashi na kuvuka mpaka kuelekea kusini, au inakwenda magharibi hadi Muanda, kwenye Atlantiki, inakotua kebo ya baharini ya WACS. Machi 2024 kebo hiyo na nyingine tatu ziliharibika pamoja karibu na Abidjan. Na si lazima kebo iharibike: tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa amri ya serikali, ikarudishwa tarehe 20 Januari 2019. Ofisi yoyote ambayo daftari lake lingekuwa kwenye seva ya ng'ambo peke yake ingekaa siku 20 ikiwaambia watu warudi kesho.

Kwa hiyo simlaumu karani anayeshikilia daftari lake hata baada ya kompyuta kuletwa. Anajua jambo ambalo muuza programu halijui, au analijua na halisemi. Lakini karatasi pekee nayo haitoshi. Mvua ile iliyoozesha hati ya papa haichagui. Kinachotakiwa ni mikono ya aina ya pili kuungana na ya kwanza, na hapo anaingia fundi wa kompyuta mwenye tabia za karani. Wapo. Ni wachache, na utawajua kwa uvivu wao wa kushangilia mashine mpya.

Fundi wa namna hiyo, akipewa daftari la kupiga picha, haligandamizi ili lilale bapa. Analiegemeza kwenye mito miwili, apate pembe ambayo mgongo hauumii, na anaweka taa pembeni ili kivuli cha kalamu iliyokandamiza kionekane hata pale wino ulipofifia. Anapiga picha kurasa tupu pia. Wanafunzi wanamuuliza kwa nini apoteze nafasi, naye anawaambia kwamba ukurasa mtupu ni ushahidi kuwa ulikuwa mtupu. Pambizo zote zinaingia, kwa sababu huko ndiko ziliko sahihi za masahihisho. Kila picha inapewa jina kwa juzuu na ukurasa, si kwa namba iliyozaliwa na kamera, maana picha 4,000 zenye majina ya kamera ni rundo tu.

Kisha wanaanza kuchapa majina, na hapa mwenye haraka ndiye anayeharibu zaidi. Akiona Cibanda baada ya kuona Tshibanda mara 30, kidole kinataka kumsahihisha. Akiona “Shaba” kinataka kuandika Lualaba. Mnakili mzuri anaandika kilichoandikwa, hata kama anajua ni kosa, halafu kwenye safu ya pembeni anaweka maelezo: huyu huenda ndiye yule. Uamuzi wa kwamba ni mtu mmoja si wake, ni wa hakimu. Nimekuta watu wenye shahada kubwa ambao hawawezi unyenyekevu huo.

Jioni, kazi ikifungwa, zinatengenezwa nakala. Desturi ya mafundi duniani ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali. Kila faili linapitishwa kwenye hesabu inayolitolea muhtasari wa herufi na tarakimu 64. Ukigeuza nukta moja ndani ya faili, muhtasari wote unabadilika. Fundi makini anaitunza orodha ya mihtasari hiyo mahali tofauti na faili zenyewe. Muhtasari wa orodha nzima anauandika kwa mkono kwenye daftari la kawaida, na anatia sahihi. Ndiyo, kwa mkono. Herufi 64 kwa kalamu ya bluu, akizisoma mara mbili kwa sauti, mwenzake akifuatilia kwenye kioo.

Diski ikishajaa inachomolewa. Hili wengi wanaliacha kwa sababu linawachosha, lakini programu za watekaji zinafunga kila kinachofikika, na diski iliyobaki imechomekwa inafikika. Iliyochomolewa, yenye lebo ya tarehe na jina la aliyeijaza, ikiwa kwenye droo ya chuma katika jengo jingine, haiwezi kutekwa na mtu aliyekaa bara jingine. Nakala ya mbali kabisa inapaswa kwenda Lubumbashi, kilomita kama 300, mji usiotegemea transfoma ileile wala kupata mafuriko ya mtaro uleule.

Na kuna zoezi ambalo ndilo linalotenganisha fundi na mtu aliyenunua vifaa. Kila baada ya muda anachukua diski mojawapo bila kutangaza, anaifungua kwenye kompyuta isiyo na kitu, bila intaneti, na anatafuta majina 10 aliyoyatoa kwa bahati nasibu. Anayalinganisha na karatasi. Kama tisa yanapatikana na moja halifunguki, siku hiyo haendi nyumbani mapema. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu, na ofisi nyingi za umma, si za Kongo pekee, zimelalia matumaini ya aina hiyo kwa miaka.

Sheria imeanza kuwafuata watu hawa. Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inazungumzia data za watu binafsi na wajibu wa anayezishika. Ni andiko refu. Sehemu ninayoijali ni ile isiyoandikika: mkono unaoichomoa diski.

Lipo pia swali la mahali pa kuiweka hiyo nakala ya mbali, na Katanga ina historia yake hapa. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za kwanza za jiolojia ya eneo hili, ramani, ripoti, sampuli za mawe, iko Ubelgiji, katika makumbusho ya Tervuren. Mwanajiolojia Jules Cornet alipita huku mwaka 1892 akiandika miamba. Waliomfuata waliandika zaidi. Na walichoandika kilivuka bahari. Mtu wa kompyuta angesema hiyo ni nakala ya mbali iliyo salama, na kwa upande wa mchwa na mvua atakuwa amesema kweli. Julai 2025 serikali ya Kongo ilitia saini mapatano na kampuni ya Marekani KoBold Metals, na kuziingiza kumbukumbu za jiolojia kwenye mfumo wa kidijitali ni mojawapo ya mambo yaliyomo. Kwa hiyo mjukuu wa mchimbaji wa Kolwezi anaweza kuona watu wa mataifa mawili ya mbali wakijadili jinsi ya kusoma kilichoandikwa juu ya ardhi iliyo chini ya kitanda chake.

Estonia nayo iliweka kumbukumbu zake nje. Mwaka 2017 ilikubaliana na Luxembourg kuweka huko seva zenye nakala za madaftari ya serikali, kwa kinga kama ya ubalozi: wenyeji hawaingii bila idhini. Jengo la mwingine, ufunguo wako. Umbali unaokoa kitabu dhidi ya moto, lakini kitabu kikienda mbali na ufunguo ukabaki hukohuko, siku utakapokihitaji utaandika barua ya kuomba. Kama Lualaba inataka nakala yake ikae Kinshasa, au Afrika Kusini, au popote penye baridi na umeme wa uhakika, ningeuliza swali moja kabla ya bei: nani ana ufunguo, na akikataa tunafanyaje?

Limebaki jambo ambalo mafundi wenyewe wanaliongea kwa sauti ya chini. Katika utumishi wa Kongo wapo watu wanaoitwa “nouvelles unités”. Wameajiriwa, wanakuja kazini, wana meza, lakini hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara, na hali hiyo yaweza kudumu miaka. Wanaishi kwa posho ndogo na kwa kile kinachoachwa dirishani. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeweza kukabidhiwa ufunguo wa kabati la madaftari katika mji ambamo mraba mmoja wa ardhi unaweza kumtajirisha mtu. Anayetaka ukurasa upotee hahitaji kuvunja nywila. Anahitaji bahasha na dakika 10.

Wapo wanaoikataa bahasha hiyo, na sioni namna ya kueleza ufundi wao bila kulitaja hilo. Lakini waliobuni kazi hii hawakutegemea kila mtu awe hivyo. Waliweka nakala moja kwa mwenye kiwanja na nyingine ofisini, sahihi za hakimu kwenye kila ukurasa, muhtasari wa herufi 64 kwenye daftari la mtu mwingine, diski Lubumbashi. Kwa hiyo bahasha moja haitoshi. Zinatakiwa tatu au nne, kwa watu walio katika majengo tofauti wasiojuana, na mwenye kuzigawa hawezi kujua ni yupi kati yao atakayeirudisha.